Kufunga na Kufungua Akiba ya Kompyuta

Mhariri wa jarida letu ameniomba nieleze kazi tuifanyayo sisi wasimamizi wa chumba cha kompyuta kila muhula unapokaribia kwisha, yaani kazi ya kuweka akiba ya faili za shule. Nimekubali kwa furaha. Wenzetu wengi hutuona tumekaa mbele ya kioo cheusi tukiandika maneno mafupi yasiyo na picha wala rangi, nao hudhani kwamba tunacheza, au kwamba tunafanya uganga. Si mchezo wala si uganga. Ni kazi ya ukarani kama kazi nyingine, na kila ajuaye kusoma na kuandika aweza kujifunza kwa siku moja.

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Siku hizi daftari lenyewe limeingia katika kompyuta, na kwa hiyo hapana budi tujue namna ya kulitunza hilo daftari.

MALI TULIYO NAYO

Katika kompyuta moja ya shule yetu mna vitu vya namna tatu. Kwanza ni alama za mitihani ya kila muhula, za kila kidato. Pili ni kurasa za jarida hili, pamoja na picha zake, toleo baada ya toleo. Tatu ni sauti za wazee. Miaka miwili iliyopita Chama cha Historia kilikwenda katika vijiji vilivyo karibu nasi kuwarekodi wazee kumi na mmoja, wanaume kwa wanawake, wakisimulia jinsi shule hii ilivyojengwa, jinsi watu walivyolima na kusafiri zamani, na majina ya mahali ambayo sisi vijana hatuyajui tena. Tangu siku hizo wazee watatu katika hao wamekwisha fariki dunia.

Sasa fikirini. Alama zikipotea, walimu waweza kuzikusanya tena kutoka katika madaftari yao, ingawa kwa taabu nyingi. Jarida likipotea, huenda mzazi mmoja anayo nakala ndani ya sanduku lake. Lakini sauti ya mzee aliyekwisha zikwa haitafutwi popote, wala hainunuliwi kwa fedha.

Watu wengine husema kwamba kitu kikiwekwa katika kompyuta kimekuwa salama milele, kwa kuwa hakiliwi na mchwa. Hilo si kweli. Kompyuta nayo ina mchwa wake. Diski huchakaa ikafa bila kuaga. Umeme hukatika ghafula katikati ya kuandika. Mwizi huchukua kompyuta nzima na vyote vilivyomo. Na zaidi ya hayo, mkono wa mtu huweza kufuta kwa nukta moja kazi ya miaka mingi.

Dawa yake ni moja tu, nayo ni nakala. Chombo tunachotumia kutengeneza nakala hizo ni programu iitwayo tar.

ASILI YA JINA

Mwaka 1969 wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani, na wakuu wao katika kazi hiyo wakiwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, walianza kutunga mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioitwa Unix. Katika toleo la saba la mfumo huo, lililotolewa mwaka 1979, ndimo ilimotokea tar. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya hifadhi ya utepe.

Zamani zile akiba iliwekwa juu ya tepe za sumaku, zilizo jamaa za tepe za kaseti ambazo wazazi wetu walisikilizia muziki. Utepe una tabia yake. Hauwezi kuruka kutoka mahali hata mahali kama mtu afunguavyo kitabu katikati. Huzunguka kwenda mbele tu, na kila kitu huandikwa nyuma ya kingine, kama behewa za gari la moshi. Basi tar ilitengenezwa ifuate tabia hiyo. Leo watu wachache hutumia tepe, ingawa hazijakwisha, lakini mpango ule wa behewa umebaki vilevile, na tutaona faida yake.

Sisi katika shule yetu twatumia Linux, na tar tuliyo nayo ni ile ya mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983. Kompyuta za Mac zina tar pia, na tangu mwaka 1818 ukiongeza miaka mia mbili, yaani 2018, hata Windows imekuja nayo. Kwa hiyo mzazi mwenye kompyuta nyumbani aweza kufuata mengi ya haya niyaelezayo.

JINSI MZIGO UNAVYOFUNGWA

Kila mwanafunzi wa bweni anajua kufunga tranki. Nguo, madaftari, sabuni na viatu vyote huingia katika chombo kimoja, ili kibebwe kwa mkono mmoja. Kazi ya tar ndiyo hiyo. Huchukua faili mia, au elfu, zilizotawanyika katika folda nyingi, ikazifanya faili moja tu. Kubeba faili moja ni rahisi, na kuihesabu ni rahisi, wala hapana kisingizio cha kusahau nusu yake.

Lakini tar ni mfungaji mwangalifu kuliko sisi. Kabla ya kila faili huweka cheti. Cheti hicho kina ukubwa wa baiti 512, wala hakizidi wala hakipungui. Ndani yake mmeandikwa jina la faili na folda yake, ukubwa wake, mwenyewe ni nani, nani ana ruhusa ya kuisoma au kuibadili, na mara ya mwisho ilibadilishwa lini. Tarehe hiyo haiandikwi kwa siku na mwezi, bali kwa hesabu ya nukta zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970. Baada ya cheti hufuata faili yenyewe, iliyokatwa vipande vya baiti 512 kila kimoja. Kipande cha mwisho kisipojaa, hujazwa sifuri.

Wapendao hesabu watazame mfano huu. Tuseme nina faili ya baiti 1,300. Cheti chake ni baiti 512. Faili yenyewe yahitaji vipande vitatu, yaani baiti 1,536, na zile 236 zilizozidi ni sifuri tupu. Jumla ni 2,048. Mwisho wa mzigo tar huweka vipande viwili vya sifuri, yaani baiti 1,024, kuonyesha kwamba safari imekwisha. Sasa tumefika 3,072. Lakini mtu akipima mzigo wake ataona ni 10,240! Asishangae. Kwa desturi tar hufunga vipande ishirini ishirini, kama ilivyokuwa ikiandika juu ya utepe, na 20 mara 512 ni 10,240. Nafasi iliyobaki hujazwa sifuri pia.

Tena, ukubwa wa faili huandikwa kwa hesabu ya msingi wa nane, ile tuliyofundishwa tukaiona haina kazi. Ile 1,300 huandikwa 00000002424. Hakikisha mwenyewe: 512 mara 2, ongeza 64 mara 4, ongeza 8 mara 2, ongeza 4. Nafasi ya tarakimu ni kumi na moja, kwa hiyo katika mpango wa zamani faili moja haikuweza kufika baiti 8,589,934,592, yaani nane kwa kipeo cha kumi na moja. Mipango mipya imeuvunja mpaka huo.

AMRI TATU

Yafaa mwanafunzi ashike amri tatu kwanza: kufunga, kutazama na kufungua. Tuseme faili zetu zote zimo katika folda iitwayo Shule. Amri ya kufunga ni hii:

tar -cvf shule.tar Shule

Neno la kwanza laita programu. Herufi c yaamuru kuumba mzigo mpya. Herufi v yaamuru programu itaje jina la kila faili inapolifunga, ili tuone kazi inavyokwenda. Herufi f yasema kwamba neno linalofuata ndilo jina la mzigo. Mwisho tumetaja folda inayofungwa.

Amri ya kutazama ni hii:

tar -tvf shule.tar

Herufi t yaomba orodha tu. Hapana kitu kinachotolewa wala kubadilishwa. Ni kama bwana wa bweni asomaye orodha ya vitu vya tranki bila kutoa hata soksi moja.

Amri ya kufungua ni hii:

tar -xvf shule.tar

Herufi x yaamuru kutoa vyote na kuvirudisha katika folda zake, pamoja na tarehe zake. Mtu akitaka kitu kimoja tu, huandika jina lake mwishoni, kama lilivyo katika orodha, herufi kwa herufi:

tar -xvf shule.tar Shule/Sauti/mzee-04.mp3

JUU YA KUBANA

Wengi hudhani kwamba tar hupunguza ukubwa wa faili. Yenyewe haipunguzi, hufunga tu, na kama tulivyoona, huongeza kidogo. Kubana ni kazi ya programu nyingine, kama vile gzip iliyotolewa mwaka 1992 na Jean-loup Gailly na Mark Adler. Mwanafunzi asafiriye kwa basi na godoro la sponji hulikunja, akalikaza kwa kamba. Godoro ni lilelile, ila limechukua nafasi ndogo. Tukiongeza herufi z, tar humwita huyo mkunja godoro afanye kazi yake papo hapo:

tar -czvf alama-2025-11-28.tar.gz Alama

Jina nimelipa tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Tukifanya hivyo kila mara, kompyuta ikipanga majina kwa taratibu yake, akiba zetu hujipanga zenyewe tangu ya zamani hata ya jana.

Lakini si kila kitu kifaacho kubanwa. Maandishi na alama hupungua sana, kwa kuwa maneno na tarakimu hurudiarudia. Picha za kamera na sauti za mp3 zimekwisha banwa tangu zilipotengenezwa. Ukizibana tena hupati kitu. Tena pana jambo kubwa zaidi. Mzigo usiobanwa ukiharibika mahali pamoja, faili ya mahali pale huharibika, lakini zile za mbele huweza kuokolewa, kwa sababu kila moja ina cheti chake. Ndiyo faida ile ya behewa. Mzigo uliobanwa kwa gzip ukiharibika katikati, yale yafuatayo baada ya uharibifu kwa kawaida hupotea yote. Kwa hiyo sisi alama twazibana, lakini sauti za wazee twazifunga peke yake bila kuzibana.

HATARI ZA NJIANI

Kioo cheusi hakiulizi maswali. Ukiamuru, hufanya. Nitataja hatari nne.

Ya kwanza ni utaratibu wa herufi. Jina la mzigo hufuata f mara moja. Mtu akiandika -cfv badala ya -cvf, programu hudhani kwamba jina la mzigo ni "v", na hufunga mzigo wenye jina hilo. Kisha yeye hutafuta akiba yake asiione.

Ya pili ni kufuta akiba nzuri kwa mbaya. Ukifunga mzigo kwa jina ambalo limekwisha tumika, ule wa zamani hufutwa bila swali. Kama folda imeharibika leo, na wewe ukaifunga kwa jina la jana, umeitupa akiba nzima na kushika taka. Kwa hiyo tarehe katika jina si urembo, ni kinga.

Ya tatu ni kufungua mahali pabaya. Ukifungua akiba ya mwezi uliopita juu ya folda unayoitumia leo, faili za zamani hukaa juu ya faili mpya zenye majina hayohayo. Mwalimu aliyeingiza alama jana atakuta zimepotea. Kwa hiyo fungua daima katika folda tupu:

mkdir Jaribio
tar -xzvf alama-2025-11-28.tar.gz -C Jaribio

Herufi C kubwa yaamuru programu iingie kwanza katika folda iliyotajwa. Iwapo hapana budi kufungua juu ya folda yenye vitu, herufi k hukataza kugusa faili zilizopo.

Ya nne ni mzigo wa mgeni. Ukipewa mzigo na mtu, tazama orodha kwa t kabla hujaufungua kwa x. Mizigo mingine haina folda ya nje. Ukiifungua, faili mia tano hutawanyika katika vitu vyako kama kuku waliofunguliwa sokoni, na kuzikusanya ni kazi ya siku nzima.

Hata hivyo programu hii ina hekima yake. Ukiiambia ifunge folda kwa njia iliyoanza na mkwaju wa mwanzo kabisa, huuondoa mkwaju huo na kukuarifu, ili siku ya kufungua mzigo usiende kuangukia mahali pake pa asili bila wewe kutaka. Tena ukiiambia iumbe mzigo bila kutaja cha kutia, hujibu kwa Kiingereza kwamba yeye ni mwoga na anakataa kuumba mzigo mtupu. Wanafunzi hucheka waonapo jibu hilo. Lakini methali yetu yasema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

AKIBA ISIYOJARIBIWA

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwalo hasa nimeandika makala hii. Kufunga si kazi yote. Kufunga ni nusu ya kwanza, na nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba mzigo utafunguka.

Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko Marekani, watu walipokuwa wakitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri ya kufuta ilitolewa mahali pasipofaa, na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kutoweka mbele ya macho yao. Waliiendea akiba wakakuta haifai. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, ambaye alikuwa na mtoto mchanga na kwa ajili hiyo alifanyia kazi nyumbani.

Na tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia waandishi wa programu kazi zao, ilipoteza data zake pale mhandisi alipofuta katika kompyuta asiyoikusudia. Walikuwa na njia kadha wa kadha za akiba. Walipozitazama, waliona kwamba akiba ya kila siku haikuwa ikitengenezwa, kwa sababu programu mbili hazikupatana matoleo yake, na barua za kuwaonya hazikuwafikia. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya ajali, na yaliyoingizwa katika saa hizo yalipotea. Kampuni yenyewe ilitangaza habari hizo wazi ili wengine wajifunze, na kwa hilo yastahili sifa.

Ikiwa wataalamu hao walipatwa, sisi ni nani? Kwa hiyo mwalimu wetu wa kompyuta ameweka sheria: akiba ambayo haijafunguliwa isiitwe akiba.

Tunahakikisha kwa njia tatu. Mara tu baada ya kufunga, twaamuru tar ilinganishe mzigo na faili zenyewe:

tar -df sauti-2025-11-28.tar

Herufi d hutafuta tofauti. Ikiwa hapana tofauti, programu hainenî neno. Katika kazi hii kimya ndicho cheti cha kufaulu.

Pili, yafaa tujue kwamba ile hesabu ya kuhakiki iliyomo katika cheti cha tar huhakiki cheti chenyewe tu, wala haihakiki yaliyomo ndani ya faili. Kwa hiyo twauchukulia mzigo mzima alama ya kidole:

sha256sum sauti-2025-11-28.tar

Programu hii hutoa tarakimu na herufi 64. Baiti moja tu ikibadilika, alama yote hubadilika. Twaiandika alama hiyo katika daftari la karatasi, na baadaye twaweza kuilinganisha popote nakala ilipo.

Tatu, kila muhula twafanya jaribio la kufungua katika kompyuta nyingine ambayo haikuwa na faili zetu. Jaribio la muhula huu lilikuwa na mafunzo makubwa. Mwalimu alileta nakala zilizofungiwa katika makabati mawili mbalimbali, akachagua mwenyewe faili moja bila kutuambia mapema. Flashi ya kwanza haikusomeka kabisa. Kompyuta haikuitambua hata kidogo, ingawa muhula uliopita ilikuwa nzima. Diski ya pili ilisomeka, na alama ya kidole ililingana na ile ya daftarini, herufi kwa herufi. Tulifungua, tukasikiliza. Alisema bibi mmoja, aliyefariki mwaka jana, akihesabu majina ya wanawake waliochota maji ya kukandia udongo wa darasa la kwanza la shule hii. Nyuma yake jogoo alisikika akiwika. Mjukuu wake yumo katika Kidato cha Pili, naye aliitwa aje kusikiliza.

Kama tungalikuwa na ile flashi peke yake, na kama tusingalijaribu, tungaliendelea kuamini kwamba sauti hiyo ipo.

KANUNI ZETU

Mpiga picha Peter Krogh wa Marekani aliieneza kanuni ambayo sasa yafuatwa mahali pengi: uwe na nakala tatu, juu ya vyombo vya namna mbili, na moja ikae mahali pengine. Sisi twaifuata hivi. Nakala ya kwanza ni faili zenyewe katika kompyuta. Ya pili imo katika diski ya nje, ndani ya kabati la ofisi ya Mkuu wa Shule. Ya tatu imo katika flashi, ambayo sasa ni mpya, nayo huhifadhiwa nje ya uwanja wa shule kwa mtu aliyechaguliwa na walimu. Moto ukitokea katika jengo moja, usiunguze zote.

Pamoja na hayo tumekumbuka kwamba tar haifungi kwa kufuli. Yeyote apataye mzigo aweza kuufungua na kuusoma. Alama za mwanafunzi ni siri yake, ya wazazi wake na ya walimu wake. Kwa sababu hiyo kazi ya alama hufanywa mbele ya mwalimu, na vyombo hufungiwa kwa ufunguo. Mzazi asihofu kwamba watoto wanachezea alama za mwanawe. Sisi tunafunga mzigo, hatusomi barua zilizomo.

Wenzangu, wala msidhani kwamba haya ni ya wasimamizi peke yao. Kila mmoja wetu ana kitu ambacho akikipoteza hakipati tena: picha za harusi ya dada, insha aliyoihangaikia mwezi mzima, sauti ya babu ndani ya simu ya mama. Likizo hii, mwenye nafasi ya kompyuta na avikusanye katika folda moja, avifunge, aviweke mahali pawili, kisha avifungue tena aone. Na yule mwenye babu au bibi aliye hai, asiye na sauti yake popote, na aanzie hapo; kufunga kutafuata. Chama cha Historia kitapokea kila sauti itakayoletwa muhula ujao, na sisi chumbani tutaitunza.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu
Msimamizi wa Chumba cha Kompyuta